Dawa ya kuchua magoti kwa tangawizi, manjano na pilipili kichaa: mwongozo kamili

Kwa miaka mingi mama yangu, pale Tukuyu, mkoani Mbeya, alikuwa akitwanga manjano, anachemsha kwa maji, anachuja kwa kitambaa, anakunywa yale maji ya njano na machicha anayamwaga kwenye migomba. Magoti yalimsumbua hasa kuanzia mwezi wa sita, ukungu unaposhuka kutoka Mlima Rungwe na baridi inaingia mpaka kitandani. Alichokuwa hajui, nami sikukijua mpaka nilipoanza kusoma, ni kwamba kiini cha dawa alichokuwa akikitafuta kilibaki karibu chote kwenye machicha.

Kiini hicho kinaitwa kurkumini. Ndicho kinachoyapa manjano rangi yake, na ndicho wanasayansi wanachokichunguza kwa ajili ya uvimbe. Kwenye maji hakiyeyuki, kinayeyuka kwenye mafuta. Maji yale aliyokuwa akinywa mama yalipata rangi kwa chembe ndogo zilizokuwa zikielea, na ukiyaacha nusu saa utaona vumbi la njano limetulia chini ya kikombe.

Nataka ulishike hilo kabla hatujawasha jiko. Kila kiambata kina mlango wake wa kutokea ndani ya mmea: kingine hutoka kwa maji, kingine kwa mafuta, kingine hukimbia na mvuke, na kingine huuawa na jua kabla hujakifikia. Ukikosea mlango, unabaki na harufu na rangi, dawa hakuna.

Uvimbe unatokea wapi

Goti likiumia au gegedu lake (ule mto laini kati ya mifupa) likilika, seli za pale hutoa kemikali za kuita msaada. Kundi moja kubwa la kemikali hizo linaitwa prostaglandini. Hizo ndizo zinazotanua mishipa midogo ya damu mpaka pakawa pekundu na pa moto, na ndizo zinazofanya neva za maumivu ziwe nyepesi kulalamika. Mwaka 1971 Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini hufanya kazi kwa kuzuia mwili usitengeneze prostaglandini, na mwaka 1982 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili wa Sweden. Aspirini yenyewe ina ukoo na mmea: gome la mti wa wilo wa Ulaya lina salisini, na kutokana na ujuzi huo kampuni ya Bayer ilitengeneza aspirini mwaka 1897.

Viambata vya tangawizi, yaani jinjeroli na shogaoli, vimeonekana maabara vikigusa njia hiyohiyo ya prostaglandini. Kurkumini nayo hugusa swichi za ndani ya seli zinazoamuru uvimbe uendelee. Ila maabara ni maabara. Seli iliyomwagiwa dawa moja kwa moja kwenye bakuli la kioo si sawa na goti la mtu mwenye ngozi, damu na ini linalosafisha kila kinachopita.

Pilipili ina kazi tofauti kabisa. Kiambata chake, kapsaisini, hushika kipokezi cha joto kilicho kwenye neva. David Julius wa Marekani alikitambua kipokezi hicho mwaka 1997, na mwaka 2021 akatunukiwa Nobel. Neva ikishikwa mara nyingi kwa siku kadhaa huchoka, ikapunguza kupeleka habari za maumivu. Kwa hiyo pilipili haiondoi uvimbe, inanyamazisha neva. Hata hivyo, kati ya mimea hii mitatu, kwa kupaka magotini yenyewe ndiyo iliyothibitishwa zaidi kwa watu. Krimu za kapsaisini za asilimia 0.025 na 0.075 zimo katika famasi za nchi nyingi. Kama ningeambiwa nibaki na mmea mmoja tu kati ya hii mitatu, ningebaki na pilipili kichaa.

Kununua

Mimi hununua vyote vizima, sinunui unga. Unga wa manjano ni rahisi kuchakachuliwa. Huko Bangladesh watafiti waliwahi kuukuta umetiwa rangi yenye madini ya risasi ili ung'ae, na risasi ni sumu ya ubongo ambayo huwezi kuiona wala kuionja. Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa unga ambao nusu yake ulikuwa wa mahindi. Niliutambua kwa sababu ulivimba na kuwa kama uji nilipoutia maji ya moto.

Kwa kupata nusu lita ya dawa ya kuchua, tafuta sokoni, iwe Mwanjelwa, Uyole au Soko Kuu la Iringa:

- robo kilo ya manjano mabichi, vipande vigumu, ukivunja ndani pawe na rangi ya chungwa iliyokolea;
- robo kilo ya tangawizi mbichi, iliyokomaa na yenye nyuzi;
- gramu 20 za pilipili kichaa kavu (kama ni mara yako ya kwanza au ngozi yako ni laini, anza na 10);
- nusu lita ya mafuta ya parachichi, au ya alizeti ukikosa;
- gramu 60 za nta ya nyuki.

Mafuta ya parachichi nayapendelea kwa sababu hayaharibiki upesi kama ya alizeti, na maparachichi ya Rungwe na Njombe tunayo kwa wingi. Nta waulize wafugaji wa nyuki au wauza asali. Nzuri hunukia asali, na ukiikwangua kwa ukucha haiachi mafuta kidoleni.

Kukausha, hatua inayoharibu kazi ya wengi

Mara ya kwanza nilitumia tangawizi na manjano mabichi. Nilidhani kibichi kina nguvu zaidi. Baada ya kama wiki mbili nikaona chini ya chupa pametengana tone la maji lenye ukungu, na juu yake vinyweleo vyeupe. Nilimwaga yote. Tangawizi mbichi na manjano mabichi vina maji karibu sehemu nne kati ya tano za uzito wake, na maji ndani ya mafuta ni makazi ya kuvu na bakteria. Zaidi ya hayo, tangawizi ikikauka jinjeroli hupoteza maji na kugeuka shogaoli, ambayo ni kali zaidi. Ndiyo maana tangawizi kavu huwasha koo kuliko mbichi.

Osha vizuri, sugua udongo kwa brashi, usimenye. Kata vipande vyembamba vya milimita 3, unene wa sarafu mbili zilizopangwa. Tandaza kwenye chekeche au wavu safi ulioinuliwa kutoka chini ili hewa ipite pande zote. Weka kivulini penye upepo, kwa maana jua kali huifanya kurkumini ififie. Jaribu mwenyewe: paka manjano kwenye karatasi, nusu yake iache juani siku moja na nusu nyingine iweke kabatini, jioni ulinganishe.

Kwa Tukuyu hapa ndipo penye shida yenyewe. Mvua yetu haina likizo ndefu, na kitu kinachokauka Usangu kwa siku tatu kwetu kinaweza kukaa wiki na kuota kuvu. Mimi hutandaza juu ya dari ya jikoni, juu kidogo ya jiko la mkaa lililokwisha kupika, ambapo joto ni la kupendeza mkono bila kuunguza. Mwenye ndugu Mbarali au Chunya amtumie akaushe huko. Kilichoota kuvu usikikwangue ukaendelea nacho. Baadhi ya kuvu hutoa sumukuvu, nayo haifi kwa kuchemshwa. Tupa.

Utajua kimekauka kwa sauti. Chukua kipande ukikunje karibu na sikio: kikipinda kabla ya kuvunjika bado kina maji, kikivunjika kwa mlio kama kijiti kikavu kiko tayari. Robo kilo mbichi itakupa karibu gramu 50 kavu, na hicho ndicho kipimo chetu.

Kupika mafuta

Twanga manjano na tangawizi kwenye kinu mpaka viwe kama chenga za mahindi. Usifikishe unga, maana unga utakusumbua kwenye kuchuja. Pilipili itwange mwisho, nje ya nyumba, upepo ukiwa mgongoni kwako, na kitambaa puani. Vaa glovu. Watoto wawe mbali.

Weka vyote kwenye sufuria ndogo kavu kabisa, mimina mafuta nusu lita, koroga kwa mwiko mkavu. Kisha chukua sufuria kubwa, tia maji kiasi, iweke hiyo ndogo ndani yake ielee au ikae juu ya jiwe bapa, na uweke motoni. Usiweke mafuta moja kwa moja kwenye moto. Mafuta hayana kikomo cha joto kama maji. Yataunguza dawa kabla hujaona moshi.

Sisi wa nyanda za juu tuna bahati katika hili. Maji huchemka kwa nyuzi 100 kule pwani, lakini kila unapopanda kama mita 300 yanapungua karibu nyuzi moja. Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi, yanachemka kwenye nyuzi 94. Kitulo ni karibu 91. Kwa hiyo mafuta yaliyo ndani ya sufuria ya juu hayawezi kuvuka hapo hata ukisahau moto, mradi maji ya chini hayajakauka. Ila kwa mizizi na magome magumu yanayochemshwa kwa maji, ujue kwamba muda uliotajwa na mtu wa Dar es Salaam hautoshi kwako, ongeza.

Moto uwe mdogo, maji ya chini yawe yanatoa mapovu madogo bila kutokota. Acha saa tatu. Funika sufuria ya juu kwa kitambaa kikavu badala ya mfuniko wa bati, kwa sababu mvuke utaganda kwenye bati na kudondokea ndani ya mafuta. Koroga kila nusu saa na uongeze maji ya chini yakipungua. Baada ya saa moja utaona mafuta yamegeuka rangi ya kiini cha yai la kienyeji, na harufu ya tangawizi imetulia, haichomi tena pua. Hapo milango imefunguka.

Epua, acha vilale humohumo usiku kucha. Asubuhi pasha kidogo ili mafuta yalegee, kisha chuja kwa kitambaa cha pamba kilichopigwa pasi (joto la pasi huua vijidudu). Kamua kwa nguvu ukiwa na glovu. Utapata kama mililita 400. Zilizobaki zimenyweka kwenye machicha. Yaache mafuta yatulie saa kadhaa kwenye chupa ya kioo, uangalie chini. Ukiona tone lolote la maji, mimina mafuta ya juu taratibu uliache lile tone.

Hesabu ya nguvu yake ni hii. Pilipili kichaa kavu huwa na kapsaisini karibu asilimia nusu hadi moja. Gramu 20 katika nusu lita zinaangukia jirani na ile krimu ya asilimia 0.025. Pilipili za shamba hili na lile hazilingani, kwa hiyo usiongeze kwa kudhani kwamba kali ndiyo inayoponya. Ngozi iliyoungua haichuliwi.

Kutia nta

Mafuta matupu yanatosha kuchulia, lakini yanachuruzika na kupaka mashuka njano. Rudisha mililita 400 zako kwenye sufuria ya juu, tia gramu 60 za nta iliyokatwa vipande. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, kwa hiyo dakika kumi zinatosha. Dondoshea tone kwenye kijiko baridi, subiri dakika mbili, bonyeza kwa kidole. Likiwa gumu kama mshumaa ongeza mafuta kidogo, likiwa linateleza ongeza nta. Mimina kwenye vikopo vilivyochemshwa na kukaushwa kabisa, uache wazi mpaka vipoe, ndipo ufunike.

Andika kwenye kila kopo: ni kitu gani, tarehe, na "YA KUPAKA TU". Weka kabatini mbali na mwanga. Mimi huitumia miezi sita. Ikitoa harufu ya karanga za zamani kabla ya hapo, naitupa.

Kupaka

Kabla ya yote paka kiasi cha punje ya mahindi upande wa ndani wa mkono, subiri saa 24. Joto la wastani ni sawa. Malengelenge au vipele hapana, usiitumie.

Kisha paka kiasi cha kijiko cha chai kwa goti moja, mara tatu kwa siku, ukichua taratibu kuzunguka pingili, yaani kiungo chenyewe, badala ya kukandamiza juu yake. Siku za kwanza itawaka. Mama alitaka kuacha siku ya tatu, nikamwomba afike wiki. Ndivyo kapsaisini inavyofanya kazi: ukipaka siku moja na kuruka mbili, neva haichoki na wewe unabaki na mwako tu. Nafuu huanza kuonekana kati ya wiki ya kwanza na ya pili.

Usipake penye jeraha, usoni, wala sehemu za siri. Usifunge kwa bandeji inayobana, usikande kwa maji ya moto, usiote moto goti likiwa na dawa. Mtoto asipakwe. Na mikono yako: usianze na maji. Kapsaisini haitoki kwa maji, utaisambaza tu. Jipake mafuta ya kula mikononi, futa kwa karatasi, ndipo unawe kwa sabuni. Jichoni ikiingia, osha kwa maji mengi yanayotiririka dakika 15.

Na kwa kunywa?

Tangawizi hutoka vizuri kwa maji ya moto, kwa hiyo chai ya wazee wetu iko sawa. Kipande cha gramu 10, sawa na kidole gumba, kikipondwa na kuchemshwa dakika 15 kwenye chombo kilichofunikwa kinatosha vikombe viwili vya siku. Usivuke gramu 20 mbichi kwa siku.

Manjano yanywe na maziwa yenye mafuta yake, pamoja na pilipili manga kidogo. Utafiti wa India wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba piperini ya pilipili manga iliongeza kurkumini iliyoingia kwenye damu kwa mara 20. Hata hivyo kijiko kimoja cha chai cha unga kina kurkumini kama miligramu 90 tu, ilhali majaribio mengi ya magoti hutumia 500 hadi 1,000 kwa siku. Kinywaji ni kizuri, lakini usikitegemee kama kidonge. Na piperini haichagui: inaweza kuongeza pia nguvu ya dawa nyingine mwilini, kwa mfano baadhi ya dawa za kifafa.

Mwenye vidonda vya tumbo, mawe kwenye mfuko wa nyongo, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kama wafarini, dawa za kisukari au ARV, mjamzito, na anayesubiri upasuaji, amweleze mhudumu wa afya kwanza. Mwambie wazi unachokunywa. Usione haya.

Mimea mingine niitaje kwa haraka. Majani ya mkaratusi yana kiambata kiitwacho sineoli, kinachokimbia na mvuke, na si kila mkaratusi unayo ya kutosha: mingi iliyopandwa kwa ajili ya mbao na nguzo ina kidogo, kwa hiyo fikicha jani, kama halipenyi puani liache. Mafuta yake halisi yasinywewe kamwe, hata kijiko kimoja cha chai kinaweza kumdhuru mtoto vibaya. Shubiri itoe ule ute wa ndani tu, uioshe maji ya njano yanayotoka chini ya ganda, maana hayo huharisha. Na gome la Prunus africana, lile linalouzwa kwa wazee wenye shida ya kukojoa: mti huo wa misitu yetu ya milimani umo kwenye orodha ya biashara inayodhibitiwa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa mimea na wanyama walio hatarini, tangu 1995, na ukichunwa kuzunguka shina lote unakufa. Usinunue kwa mtu asiyeweza kukueleza limetoka wapi.

Wakati wa kutochua, na kwenda hospitali

Pingili moja iliyovimba ghafla, ya moto, yenye homa: siku hiyohiyo, kwa sababu usaha ndani ya pingili huila kwa siku chache. Mguu mmoja uliovimba kuanzia kwenye shavu la mguu na kuuma: huenda ni damu iliyoganda, na hapo kuchua ni hatari. Mtoto anayeumwa pingili hii leo na nyingine kesho, wiki chache baada ya kuumwa koo: moyo wake upimwe. Mwenye selimundu anayepata maumivu makali. Vidole vya mikono yote miwili vinavyokakamaa asubuhi zaidi ya saa nzima kwa wiki sita: huo ni ugonjwa unaohitaji dawa za kuzuia pingili zisiharibike, na kila mwezi wa kuchelewa una gharama.

Ogopa pia dawa ya mitishamba inayoondoa maumivu yote ndani ya saa moja. Katika nchi nyingi dawa za namna hiyo zimekutwa zimechanganywa na dawa za hospitali za kupunguza uvimbe, kama diklofenaki au steroidi. Uso ukianza kujaa na kuwa wa duara, sukari ikapanda, peleka hilo kopo kwa daktari ukalionyeshe. Usiache ghafla bila yeye kujua, kwa kuwa steroidi ikikatwa mara moja mwili unaweza kuzimia.

Ukifikia kutaka kuiuza yako, Tanzania sheria ipo: Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza lake ndilo linalosajili waganga na dawa. Anza kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri yako.

Mama sasa ana daftari la shule. Kila jioni anaandika namba kutoka 0 mpaka 10, goti la kulia na la kushoto, na kama siku hiyo alipanda kwenda shamba. Tulikubaliana kwamba namba zisiposhuka baada ya wiki nne tungeacha na kwenda kupiga picha ya eksirei. Goti la kulia lilishuka kutoka 7 hadi 4. La kushoto lilibaki 6, na tulilipeleka.